Sura ya Sita: Ed Peery na Mkeka wa Annapolis

Kocha wa mieleka katika chuo cha kijeshi hufanya kazi ambayo matunda yake hayaonekani yote uwanjani, kwa kuwa wale anaowafunza, hata walio bora kuliko wote, hawaandaliwi kuishi kwa mchezo huo bali kuvaa sare, kupewa cheo na kukabidhiwa askari, meli au ndege za nchi yao mara tu wanapohitimu. Hesabu za kushinda na kushindwa, ambazo kwa kocha wa chuo kikuu cha kawaida ndizo karibu kila kitu, kwake ni sehemu tu ya kazi, na pengine si sehemu iliyo kubwa. Hata hivyo hesabu hizo zipo, zinaandikwa na zinasomwa na wakubwa wake, kwa hiyo kocha wa aina hii huishi akiwatumikia mabwana wawili, mchezo na jeshi, bila ruhusa ya kumpuuza hata mmoja. Sura hii inamhusu mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa misimu 27 mfululizo: Edwin Peery, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ed, kocha wa mieleka wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichoko Annapolis, katika jimbo la Maryland, kuanzia msimu wa 1961 hadi ule wa 1987.

Mieleka inayozungumzwa hapa si ile ya televisheni, yenye ulingo wa kamba, majina ya kutisha na mshindi aliyepangwa tangu mwanzo, bali ni mchezo wa ridhaa wenye kanuni kali, unaochezwa na vijana wawili wa uzito unaolingana juu ya mkeka mnene wa sponji uliochorwa duara. Katika mtindo wa vyuo vya Marekani, hadi mwaka 2023 mwenye kumwangusha mwenzake na kumdhibiti alipata alama 2. Aliye chini akijinasua na kusimama hupata alama 1. Akigeuza kibao, yaani akitoka chini na kuwa juu yeye, hupata 2. Na anayefanikiwa kuyabana mabega yote mawili ya mpinzani mkekani hulimaliza pambano papo hapo, hata kama alikuwa nyuma kwa alama. Mtindo huu unatofautiana na ile miwili inayochezwa kwenye Olimpiki, ambayo ni mtindo huru na ule wa Kigiriki na Kirumi usioruhusu mchezaji kushika miguu ya mwenzake, kwa sababu katika vyuo thamani kubwa hupewa udhibiti: mchezaji aliye juu hutakiwa kumzuia aliye chini kwa muda mrefu, na muda huo hupimwa kwa saa na unaweza kumletea alama ya ziada. Timu mbili zinapokutana, kila moja huleta mchezaji mmoja kwa kila daraja la uzito, kuanzia mwepesi kabisa hadi mzito kabisa, na alama za wote hujumlishwa, hivyo kijana mdogo wa kilo 54 anaweza kuiokoa au kuiangusha timu nzima sawasawa na jitu la kilo 110.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa kuona jeshi likilea wanamichezo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni, walikuwa wanajeshi wa Tanzania, na upande wa Kenya Kipchoge Keino alitoka katika polisi na Paul Tergat katika jeshi la anga. Lakini utaratibu huo ni kinyume cha ule wa Annapolis. Jeshi la Afrika Mashariki humwajiri mwanamichezo aliyekwisha kuonyesha kipaji, likampa mshahara, nidhamu na nafasi ya kufanya mazoezi, na kwa njia hiyo utumishi huurefusha mchezo wake; ilhali chuo cha kijeshi cha Marekani humchukua kijana wa miaka 17 au 18, kikautumia mchezo kumjenga awe afisa, kisha kikamtoa mchezoni wakati hasa nguvu zake zinapokomaa. Kocha wa Annapolis, kwa maneno mengine, hufunza watu ambao wataacha mchezo kwa amri.

Ed Peery alizaliwa mwaka 1935, na ujuzi aliokuja kuufundisha ulikuwa umekwisha kupitia mikono miwili kabla ya kumfikia. Wa kwanza ni Edward Gallagher, kocha wa chuo cha kilimo cha Oklahoma, kilichoitwa Oklahoma A&M na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, katika mji wa Stillwater. Gallagher hakuwa mwanamieleka. Alisomea uhandisi, na alipokabidhiwa timu ya mieleka aliutazama mwili wa binadamu kwa jicho la mhandisi, akauliza mzigo unaegemea wapi, egemeo liko wapi, na nguvu kidogo iwekwe mahali gani ili izae mzunguko mkubwa. Kutokana na maswali hayo alibuni na kupanga mamia ya mikamato, akaandaa mazoezi ya kuirudia mpaka mwili uikumbuke bila kuamriwa, na hadi alipofariki mwaka 1940 timu zake zilikuwa zimeshinda mapambano 138, zikashindwa 5 tu na kutoka sare 4. Kabla yake mieleka ya vyuo ilikuwa kwa kiasi kikubwa mchezo wa nguvu na uzoefu. Baada yake ikawa somo linaloweza kufundishwa darasani, kuandikwa vitabuni na kurithishwa.

Mmoja wa waliorithi alikuwa Rex Peery, babake Ed, aliyecheza chini ya Gallagher na kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo miaka ya 1933, 1934 na 1935, wa mwisho ukiwa katika mwaka uleule aliozaliwa Ed. Mashindano hayo huandaliwa na chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kinachojulikana kwa herufi NCAA, na kwa kanuni za wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuyaingia, hivyo mataji matatu ndiyo yaliyokuwa kikomo cha mtu yeyote. Mwaka 1949 Rex alichukua ukocha wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, na huko akawafunza wanawe wawili. Mkubwa, Hugh, alikuwa bingwa mwaka 1952, 1953 na 1954, na katikati ya mfululizo huo akaiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Helsinki. Ed akapokea pale kaka yake alipoachia, akawa bingwa mwaka 1955, 1956 na 1957 katika daraja la pauni 123, sawa na kilo 56 hivi. Baba na wanawe wawili walikuwa na nafasi tisa za kuwa mabingwa wa taifa, na zote tisa walizitumia.

Jambo hilo hutajwa mara nyingi kama ajabu ya damu, lakini ukweli wake wa kuvutia zaidi uko kwenye mafunzo. Fundi wa jahazi anayemfunza mwanawe huko Lamu hamwachii mbao tu, bali humwachia pia namna ya kuipima mbao kwa macho kabla ya kuigusa, na ndivyo Rex alivyowarithisha wanawe namna ya kuusoma mwili wa mpinzani. Ed aliishi katika nyumba ambamo mazungumzo ya mezani yalikuwa juu ya nyonga, viwiko na egemeo. Alimwona baba akiandaa timu, akishinda, akishindwa, akitafuta vijana wapya. Na alijua tangu utotoni kwamba kocha hufanya kazi hata ukumbi ukiwa umefungwa. Wepesi wa mwili wake nao ulikuwa na maana kubwa kwa kazi iliyomngoja. Mtu wa kilo 56 hawezi kumfundisha jitu kwa kumshinda nguvu. Hana budi kumweleza, na kocha anayelazimika kueleza hufikia mahali ambapo kocha anayetegemea misuli yake hafiki.

Annapolis aliyofika Ed Peery haikuwa ngeni kwa mieleka, na mizizi ya mchezo huo katika jeshi la wanamaji inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa bila mizizi hiyo kazi yake isingekuwa na uzito iliokuwa nao. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1845 kuwafunza maafisa wa meli, na kwa miongo mingi kimeshikilia kwamba kila mwanafunzi, ambaye tutamwita kadeti, ni mwanamichezo kwa lazima: ataogelea, atajifunza ndondi, atajifunza mieleka, na mchana masomo yakiisha ataelekea kwenye mchezo fulani, iwe katika timu ya chuo au katika timu ya kombania yake. Sababu si afya peke yake. Wakuu wa chuo walitaka kijana aliyelelewa kwa upole akutane, mahali penye usimamizi, na mtu anayemkaba kweli, ili siku ya hatari isiwe siku yake ya kwanza ya kuhisi woga huo.

Vita vya Pili vya Dunia viliipa imani hiyo sura ya mpango rasmi. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji, kwa uongozi wa afisa aliyeitwa Tom Hamilton, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji na kocha, lilianzisha shule za maandalizi ya marubani katika vyuo kadhaa, vikiwemo vyuo vikuu vya Iowa, North Carolina na Georgia, ambako vijana walipitishwa kwenye michezo migumu kabla ya kuruhusiwa kuisogelea ndege. Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa wakufunzi wa michezo katika shule ya North Carolina. Mpango huo, uliojulikana kama V-5, ulitoa mfululizo wa vitabu vya kiada kwa kila mchezo, na kitabu cha mieleka kiliandikwa na makocha watatu, mmoja wao akiwa Raymond Swartz, kocha wa Annapolis wakati huo. Kwa namna hii mbinu zilizokuwa mali ya vyuo vichache ziligeuzwa kuwa masomo ya jeshi, zikapangwa hatua kwa hatua kwa ajili ya wakufunzi ambao huenda hawakuwahi kushika mtu mkekani, na vita vilipokwisha vijana waliorudi makwao walizipeleka katika shule za sekondari nchi nzima. Swartz ndiye aliyemwachia Ed Peery timu.

Hivyo Peery, mwalimu wa kiraia katikati ya wenye vyeo, alipokea kiti chenye heshima, lakini kiti hicho kilifungwa kwa masharti ambayo makocha wenzake wa Oklahoma, Iowa au Pennsylvania hawakuyajua. La kwanza lilikuwa la kuwapata wachezaji. Kocha wa kawaida humwendea kijana hodari akamwahidi ufadhili wa masomo, na mambo yakaisha. Kijana anayetaka Annapolis, pamoja na kwamba serikali humlipia kila kitu na kumpa posho, hutakiwa apate pendekezo, kwa kawaida la mbunge au seneta wa jimbo lake, afaulu mitihani yenye hisabati na sayansi nzito, awe na macho na mapafu yanayokubaliwa na madaktari wa jeshi, asiwe na mke, na akubali kulitumikia jeshi kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowaondoa wengi. Kijana mwenye ndoto ya Olimpiki, akijua kwamba miaka yake bora ataitumia kwenye manowari, hakuhitaji kushawishiwa sana ili achague chuo kingine. Na hata waliokubali hawakuweza kuongezewa mwaka: katika vyuo vya kawaida kocha anaweza kumpumzisha mchezaji mchanga msimu mzima ili akomae na amalize masomo kwa miaka mitano, ilhali kadeti huingia na kutoka kwa miaka minne, akiwa tayari au hayuko tayari.

Sharti la pili lilikuwa la muda na nguvu. Makadeti wote wa Annapolis, wapatao elfu nne, huishi katika jengo moja liitwalo Bancroft Hall, huamshwa pamoja, hukaguliwa pamoja na hula pamoja, na wale wa mwaka wa kwanza huandamwa mchana kutwa na wakubwa wao kwa maswali, amri na adhabu ndogondogo. Mwanamieleka naye ana mzigo wake wa pekee, ambao ni uzito. Ili kuingia katika daraja lililo chini kidogo ya uzito wake wa kawaida, hupunguza chakula na maji siku kadhaa kabla ya pambano, jambo ambalo limewasumbua makocha na madaktari wa mchezo huu kwa muda mrefu. Mtu anaweza kufikiria hali ya kijana aliyekesha na somo la mitambo ya mvuke, akasimama gwaride asubuhi, akakaa mezani mbele ya sahani asiyoruhusiwa kuimaliza, kisha mchana akafika ukumbini kwa Peery kufanya mazoezi ya saa mbili. Kocha ambaye hakuelewa maisha hayo angewavunja. Kocha aliyeyaonea huruma kupita kiasi angewapeleka kwenye mapambano wakiwa laini.

Pamoja na masharti hayo palikuwa na faida moja, nayo ni kwamba makadeti walikuwa watu waliozoea kufundishwa. Mbinu ya Gallagher, iliyopitia kwa Rex, ilihitaji mchezaji mwenye subira ya kurudia jambo moja mara nyingi na akili ya kuelewa kwa nini mguu uwekwe hapa na si pale. Na chuo kinachofundisha uhandisi kwa nidhamu ya kijeshi kilijaa vijana wa aina hiyo. Hapa ndipo ubora wa Peery ulipo kwa mtazamo wa sura hii. Hakuwa kocha wa kukusanya mabingwa waliokwisha kuiva, kwa kuwa chuo chake hakikumruhusu kuwapata wengi, bali alikuwa kocha wa kuwachukua vijana waliokuwa wa pili na wa tatu katika majimbo yao, akawafanya wagumu wa kushindwa. Kwa misimu 27 timu zake zilishinda mapambano 311, zikashindwa 90 na kutoka sare 14, yaani zilishinda takriban mara tatu katika kila nne, zikikutana mwaka hadi mwaka na vyuo vya pwani ya mashariki ambavyo baadhi yake vilikuwa miongoni mwa vigumu kuliko vyote nchini. Idadi ya 311 ingekuwa kubwa kwa kocha yeyote. Kwa kocha anayebadilishiwa kikosi kizima kila baada ya miaka minne bila njia ya kumbakiza hata mmoja, ni idadi ya kustaajabisha.

Katika kalenda ya Annapolis siku moja ilisimama juu ya zote, nayo ni siku ya kukutana na West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu. Upinzani wa vyuo hivi viwili hujulikana zaidi kwa mpira wa Kimarekani, lakini uko katika kila mchezo, na kwa kadeti wa Annapolis aliyestahili herufi N ya kushonwa kwenye sweta yake, kuwashinda wa West Point humwongezea nyota kando ya herufi hiyo. Kwa mtu wa nje nyota hiyo ni uzi tu. Kwa kadeti ni alama ambayo wenzake wataisoma kila anapopita, na kocha aliyetaka kudumu Annapolis alijua kwamba msimu mbaya ungeweza kusamehewa kwa sababu yake, na msimu mzuri ungeweza kuharibika kwa kuikosa.

Nyuma ya upinzani huo wa vijana palikuwa na jambo zito zaidi. Sehemu kubwa ya miaka ya kwanza ya Peery iliangukia katika vita vya Vietnam, ambako Marekani ilipeleka vikosi vya mapigano kuanzia mwaka 1965 na kuviondoa mwaka 1973. Wahitimu wa Annapolis walikwenda huko kama marubani wa ndege zinazoruka kutoka juu ya meli, kama maafisa wa boti za mito katika delta ya Mekong, na kama viongozi wa vikosi vya Marines, ambavyo ni askari wa miguu walio chini ya idara ya jeshi la wanamaji. Ndani ya Bancroft Hall, jengo lilelile wanamolala makadeti, upo ukumbi wa kumbukumbu wenye majina ya wahitimu waliouawa vitani, na majina hayo yaliongezeka wakati vijana wa Peery wakilala vyumba vichache kutoka hapo. Makocha wachache wa vyuo wamewahi kufanya kazi wakijua jambo kama hili juu ya wanafunzi wao. Linabadilisha maana ya mazoezi: kumzoesha kijana kuendelea kufikiri wakati amebanwa, amechoka na hana hewa, kulikuwa ni mbinu ya kupata alama 2, na wakati huohuo ni maandalizi ya jambo ambalo hakuna mwamuzi angelisimamisha.

Kati ya wote waliopita mikononi mwa Peery, aliyefika mbali kuliko wengine mkekani ni Lloyd Keaser, na habari zake zinaeleza aina ya kazi iliyofanyika Annapolis vizuri kuliko jedwali lolote la ushindi. Keaser alizaliwa mwaka 1950 na kukulia Pumphrey, makazi ya Wamarekani Weusi karibu na jiji la Baltimore, katika kaunti ileile ambayo Annapolis ndiyo makao yake makuu. Ukaribu huo wa ardhi haukuwa ukaribu wa nafasi. Chuo cha Annapolis kilikuwa kimeishi zaidi ya karne moja kabla ya Mmarekani Mweusi wa kwanza, Wesley Brown, kufanikiwa kuhitimu mwaka 1949, na waliomfuata kwa miaka mingi walikuwa wachache wa kuhesabika. Familia ya Peery ilikuwa na historia yake katika suala hili, kwa kuwa Rex ndiye aliyeiongoza timu ya mtindo huru ya Marekani kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, timu iliyokuwa na Bobby Douglas, mmoja wa Wamarekani Weusi wa kwanza kuiwakilisha nchi hiyo katika mieleka ya Olimpiki.

Keaser alihitimu mwaka 1972 akiwa amefika mara mbili katika orodha ya wachezaji bora wa taifa, lakini bila kuwahi kuwa bingwa wa NCAA, na akaingia Marines akiwa afisa. Kwa hesabu za kawaida mchezo wake ulipaswa kufa hapo. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Munich, Dan Gable alitwaa medali ya dhahabu ya kilo 68 bila mpinzani yeyote kumfunga hata alama moja, na ilipofika zamu ya kumtafuta mtu wa kushika nafasi hiyo kwenye mashindano ya dunia ya 1973 mjini Tehran, aliyesimama mahali pa Gable alikuwa luteni wa Marines ambaye hata chuoni hakuwahi kuwa bingwa wa taifa. Iran ni nchi ambayo mieleka ni mchezo wa taifa, yenye watazamaji wanaojua kila mkamato kwa jina lake, na mbele yao Keaser akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mieleka. Kijana aliyeondoka Annapolis bila taji la vyuo akawa bingwa wa dunia mwaka mmoja baadaye, na hilo haliwezi kuelezwa kwa kipaji peke yake; ni lazima alitoka na msingi uliojengwa polepole na kwa usahihi, wa aina ambayo huendelea kuzaa hata baada ya mwalimu kuondoka.

Miaka mitatu baadaye, Montreal 1976, Keaser alifika hatua ya mwisho akikutana na Pavel Pinigin wa Umoja wa Kisovyeti. Mashindano ya wakati huo hayakuwa na fainali ya moja kwa moja kama ilivyo leo, bali kila mchezaji alikusanya alama za adhabu kutokana na jinsi alivyoshinda au kushindwa katika kila pambano, na aliyebaki na adhabu chache ndiye bingwa. Kushindwa kwa tofauti ndogo kuliadhibiwa kidogo kuliko kushindwa kwa tofauti kubwa. Kwa hesabu hiyo Keaser angeweza kushindwa kwa tofauti ya alama chache na bado akachukua dhahabu. Aliingia mkekani akiwa na taarifa potofu kuhusu hesabu yenyewe, na Pinigin akamshinda kwa 12 kwa 1, tofauti iliyotosha kuihamisha dhahabu. Keaser alipata medali ya fedha, ambayo kwa afisa wa jeshi aliyekuwa akigawa siku zake kati ya utumishi na mazoezi ni mafanikio makubwa, ingawa hakuna anayelisimulia pambano lile bila kuhisi uchungu kidogo.

Kocha wa timu hiyo ya Montreal, iliyorudi na medali sita, yaani dhahabu moja, fedha tatu na shaba mbili, alikuwa Wayne Baughman, kocha wa chuo cha jeshi la anga kilichoko Colorado Springs, na kumweka kando ya Peery kunasaidia kuona kwamba kazi hii moja inaweza kubebwa na watu wa tabia mbili tofauti. Baughman, mtoto wa Oklahoma aliyekuwa bingwa wa vyuo mwaka 1962, alikuwa mwanajeshi hasa, afisa wa jeshi la anga aliyeshiriki Olimpiki tatu mfululizo, kuanzia Tokyo mwaka 1964 hadi Munich mwaka 1972, na aliyetwaa mataji 16 ya taifa katika mitindo minne, ukiwemo sambo, mtindo uliozaliwa Umoja wa Kisovyeti. Timu yake ilifanya mazoezi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni hukosa pumzi kwa kupanda ngazi tu, na yeye mwenyewe aliishi kwa imani kwamba mwili uliozoeshwa taabu hautishwi na taabu. Alifundisha hapo kwa misimu 27 iliyokatizwa katikati, hadi alipostaafu mwaka 2006. Baughman alifundisha kwa kuwa mfano wa kijana anayetakiwa kuwa afisa. Peery, ambaye hakuvaa cheo, alifundisha kwa ufundi wa mkeka. Kwa kupima matokeo peke yake ni vigumu kusema ipi ni bora, lakini njia ya Peery ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu katika chuo ambamo kila mtu ana cheo begani yeye hakuwa na cheo cha kujificha nyuma yake, na kila heshima aliyopewa na makadeti ilibidi itokane na alichowaonyesha mkekani siku ile.

Peery aliachia timu mwaka 1987. Kufikia wakati huo chuo alichokijua kilikuwa kimebadilika: tangu 1976 kilipokea wanawake, vita vya Vietnam vilikuwa vimeingia katika vitabu vya historia, na baadhi ya wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa maafisa wenye mvi. Hakuondoka Annapolis. Aliendelea kufundisha katika idara ya elimu ya viungo, ambako wanafunzi wake sasa walikuwa makadeti wa kawaida waliotumwa na ratiba, wengi wao wasiowahi kushikana na mtu maishani, na wasiokuwa na nia ya kushikana naye tena baada ya mtihani. Yeye, Hugh na Rex wote wameingizwa katika jumba la kitaifa la heshima ya mieleka lililoko Stillwater, mji ambao Gallagher alifanyia kazi yake, na alifariki mwaka 2010. Idadi ya waliocheza katika timu zake inaweza kupatikana kwenye kumbukumbu za chuo. Ya wale waliojifunza kwake, katika madarasa ya lazima, namna ya kuanguka bila kuumia na ya kuinuka mtu akiwa mgongoni, haikuandikwa popote, ingawa wao ndio wengi, na ndio hasa waliolengwa na jeshi lilipoanza kuifundisha mieleka.